MISHIPA YA MOYO IKIZIBA



Katika Biblia neno moyo ni nia na mawazo ya mtu. Leo hatusemi juu ya moyo huo. Tunasema juu ya moyo wa nyama, ule unaopiga kifuani, kwa sababu kuna jambo linatusumbua hapa Kasongo na kule Kabambare. Mtu mzima anashika kifua shambani, anatoka jasho la baridi, anaanguka, na mbele ya jua kuchwa amekufa. Matanga hayajaisha, maneno yameanza: ni sumu, ni ulozi, ni mjane wake. Wengine wamefukuzwa kijijini kwa maneno kama hayo. Basi inafaa tujue kama kuna sababu nyingine.

Moyo ni pompi, lakini haulishwi na damu ile inayopita ndani yake. Unalishwa na mishipa yake wenyewe, inayouzunguka kwa inje. Mmoja ni wa kuume, mwingine wa kushoto. Ule wa kushoto una shina fupi, kisha unagawanyika mara mbili. Shina lina upana wa milimeta 4 hivi. Mbele mishipa inakuwa myembamba kama kile kimrija cha wino ndani ya biki. Mafuta yanashika katika ukuta wa mshipa miaka na miaka, pasipo mtu kusikia kitu. Siku moja yale mafuta yanapasuka, damu inaganda pale, njia imefungwa. Nyama ya moyo iliyokosa damu inaanza kufa kiisha nusu saa hivi, na kila saa inayopita inaongeza hasara.

Zamani waganga waliweza kutuliza maumivu tu. Mwaka 1967 René Favaloro, Mwargentina aliyefanya kazi Cleveland huko Marekani, alitwaa mshipa wa mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaushona juu ya moyo ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. (Mtu huyu mbele alikuwa mganga wa kijiji, miaka 12 kati ya wakulima wa Jacinto Aráuz.) Mwaka 1977, katika Zürich, Andreas Grüntzig aliponya mgonjwa pasipo kupasua kifua. Alipitisha mrija mwembamba toka mshipa wa paja mpaka moyoni, wenye kipira kwenye ncha. Kipira kikajazwa, mshipa ukapanuka, na mgonjwa alikuwa macho! Lakini mishipa mingi ilijifunga tena. Kwa hiyo mwaka 1986, katika Ufaransa na Uswisi, waganga walianza kuacha ndani kimrija cha wavu wa chuma, ndicho stenti. Miaka ya 2000 stenti zikaanza kupakwa dawa ya kuzuia mshipa usijifunge.

Sasa tufike kwenye ugonjwa ulio mgumu. Kuna mgonjwa ambaye shina lenyewe limeziba, au mishipa yote mitatu, au penye njia panda. Kwa mwingine mafuta yamegeuka kuwa kama chokaa, magumu, kipira kinashindwa. Huyu wanamtilia kinoo kidogo chenye unga wa almasi, kinachozunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika, kikisaga chokaa. Tena kuna mrija mwingine unaopiga mawimbi ya kishindo kuvunja chokaa, kama vile wanavyovunja mawe ya figo.

Mshipa uliofungwa kabisa kwa miezi 3 au zaidi ulikuwa ukiachwa mara nyingi. Lakini moyo wenyewe una akili yake. Ninyi mnajua daraja likivunjika kwenye njia ya Kabambare: watu wanakata vijia porini mpaka wanatokea ng'ambo. Moyo unafanya hivyohivyo kwa mishipa midogo sana. Waganga, hasa wa Japani, wakajifunza kupitisha waya katika vijia hivyo na kufungua mshipa kwa upande wa nyuma. Sisi tulisoma jambo hili mara mbili kabla ya kulisadiki.

Je, kushona au stenti? Mwaka 2009 uchunguzi mmoja wa wagonjwa 1800 ulionyesha kwamba kadiri ugonjwa ulivyo mgumu, ndivyo kushona kunavyofaa zaidi. Mwaka 2012 ikaonekana vilevile kwa watu 1900 wenye ugonjwa wa sukari. Na mwaka 2020, kati ya wagonjwa 5179 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, kuwapeleka mapema kwa stenti au kisu hakukupunguza vifo kupita dawa peke yake. Lakini wenye shina lililoziba hawakutiwa katika hesabu hiyo.

Kazi hizi zinafanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Zamani misafara ya pembe na watumwa ilitoka Kasongo kupita Ujiji na Tabora kwenda pwani hiyohiyo, miezi mingi. Mshipa uliofungwa haungoji hata siku.

Kwa hiyo tuangalie kitu kinachopatikana sokoni kwetu. Mwaka 1988 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 17 187 walioshikwa na moyo. Kati ya kila 100 waliopewa aspirini, 2 au 3 zaidi waliokoka, na bei yake ni ndogo sana. Mtu aliyeshikwa namna ile, enfirmie akikubali, atafune nusu ya kidonge cha miligramu 500. Asipewe mwenye kidonda cha tumbo, anayetoka damu, au aliyepooza upande mmoja. Parasetamoli haifanyi kazi hii, ingawa vidonge vinafanana, someni jina. Mbele ya siku hiyo, wazee wapimwe tansio kwenye kituo cha afya, na sigara iachwe. Mmetuuliza juu ya mawese: karibu nusu yake ni mafuta yale mazito, basi sombe isiogelee ndani yake, lakini hatusemi muyaache.

Tena mgonjwa asitembee mpaka kituoni, wala asiendeshe baisikeli mwenyewe. Apakiwe kwenye pikipiki akishikwa na mtu nyuma, au pikipiki ikikosa, abebwe kwa kipoyi.