Tembe, Gazeti na Udaku

Kila mara huwasikia wenzangu chamani wakilitafsiri neno la Kiingereza "tabloid" kuwa "gazeti la udaku", basi, yameisha. Hebu tulichunguze neno hili tangu kuzaliwa kwake, tuone kama tafsiri hiyo inatosha.

Ajabu ni kwamba lilianza kwa dawa. Mwaka wa 1884 kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilisajili "Tabloid" kuwa alama yake ya biashara. Walichukua "tablet", yaani tembe, wakaongeza "-oid", kiambishi chenye asili ya Kigiriki kinachomaanisha "mfano wa". Dawa ilishindiliwa ikawa tembe ndogo, rahisi kubeba na kumeza. Hata Stanley, aliposafiri na wapagazi wa Unguja kutoka Kongo hadi Bagamoyo mwaka wa 1887 hadi 1889, alibeba masanduku ya dawa za kampuni hiyo.

Punde si punde watu wakakiita hivyo kitu chochote kilichofupishwa. Tarehe 1 Januari 1901, Alfred Harmsworth, mwenye gazeti la Daily Mail la Uingereza, alialikwa kuhariri gazeti la World la New York kwa siku moja. Alitoa gazeti la kurasa ndogo na habari fupi fupi, zisomeke zote kwa sekunde 60. Habari nazo zikawa tembe! Mwaka wa 1903 kampuni ilishinda kesi ya kulinda jina lake katika biashara ya dawa, lakini vinywa vya watu haikuweza kuvifunga.

Kwa hiyo neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni umbo: gazeti ambalo ukurasa wake ni karibu nusu ya ule wa gazeti kubwa. Ya pili ni tabia: gazeti la vichwa vya kushtua na siri za watu mashuhuri.

Je, "udaku"? Mdaku ni mtu anayepekuapekua mambo ya wengine na kuyatangaza. Kutokana na mdaku tunapata udaku, kama vile mchoyo na uchoyo. (Usilichanganye na daku, chakula cha usiku wa Ramadhani.) Tanzania ndiko jina "magazeti ya udaku" lilikoshika sana. Neno hili huhukumu tabia, halipimi karatasi.

Sasa tazama hatari yake. Taifa Leo huchapishwa kwa kurasa ndogo. Utaliita la udaku ati kwa sababu ya ukubwa wa karatasi? Huko ni kuwasingizia waandishi wake. Nalo gazeti la kurasa kubwa likichungulia vyumba vya watu, litaponaje?

Basi ukilikuta neno hili katika zoezi la tafsiri, jiulize: mwandishi anasema umbo au tabia? Likiwa umbo, andika "gazeti la kurasa ndogo". Likiwa tabia, "gazeti la udaku" linafaa kabisa. Kumwita mtu mdaku ni kumshtaki, na hatumshtaki mtu kwa kutumia rula.

Kiswahili kitukuzwe!