Moli ni Mafungu: Hesabu ya Jiko la Mkaa



Sisi tunaosoma mirathi tunahesabu mafungu kwanza, fedha baadaye. Marehemu akiacha mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike tu, mafungu ni mawili kwa moja, mali iwe elfu au milioni. Uwiano wa moli ni vivyo hivyo: namba zilizo mbele ya kemikali katika mlinganyo uliosawazishwa ni mafungu, si gramu.

Tuchukulie mkaa ni kaboni tupu, gramu 600.

Hewa ikitosha: C + O₂ → CO₂
Hewa ikipungua: 2C + O₂ → 2CO

Tufanye mlinganyo wa pili.

1. Geuza gramu kuwa moli: 600 ÷ 12 = moli 50 za C.
2. Tumia mafungu: C kwa CO ni 2:2, basi CO ni moli 50. C kwa O₂ ni 2:1, basi O₂ ni moli 25.
3. Rudi kwenye gramu: 50 × 28 = gramu 1,400 za CO.

Hakiki: oksijeni ni 25 × 32 = gramu 800; 600 + 800 = 1,400. Mizani imekaa sawa.

Mlinganyo wa kwanza unataka O₂ moli 50. Chumba kilichofungwa hakiwezi kuendelea kuitoa, ndipo CO inapozidi. Haina rangi wala harufu, nayo inaua. Basi wakati wa daku sigiri ibaki nje. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Wabillahi tawfiq.