SOMO: CHEMCHEMI ZA BUTULA NA MJI UNAOKUA

Somo letu la leo ni la maji. Si yale yaliyokwisha kuingia mtungini, bali yale ambayo yangali chini ya ardhi, jicho haliyaoni, na kwa hivyo watu huyasahau.

Tumechagua mfano wa Butula, katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Ni jirani ya Mumias, mji usio mgeni kwetu, kwani misafara ya pwani ilikuwa ikifika huko kabla ya reli.

KWANZA: Chemchemi ni nini? Mvua hunyesha kilimani, hupenya udongoni, hutembea polepole, kisha hutokea bondeni. Basi chemchemi si lile jicho peke yake. Ardhi yote iliyo juu yake ni sehemu yake, na kimwagwacho juu huweza kunywewa chini.

PILI: Faida ya kuihifadhi. Kuanzia mwaka 2004 wataalamu, miongoni mwao Bwana Michael Kremer aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walichunguza chemchemi kama 200 katika wilaya za wakati ule za Busia na Butere-Mumias. Baadhi zilijengewa simiti mwanzo na nyingine baadaye, ili zilinganishwe. Maji yakawa hutoka kwa bomba badala ya kuchotwa dimbwini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: uchafu wa kinyesi penye chanzo ulipungua kwa 66 kwa mia, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa kiasi cha robo. Lakini majumbani maji hayakutakata kadiri ile, kwani yalichafuka tena njiani na vyomboni.

Tena wataalamu hao waliona ada njema: chemchemi huwa katika shamba la mtu, naye hawazuii jirani kuchota wala hawatozi. Ni ukarimu wa kusifiwa. Lakini ukarimu huo una pengo: mwenye shamba hapati faida ya kujenga, na wachotaji hudhani kazi ni yake. Maji yakawa ya wote, na ulinzi si wa mtu.

TATU: Mji ukija. Mji wa Busia hukua kwa biashara ya mpakani, na mji ukuapo, mashamba hukatwa viwanja, na kila kiwanja huchimbwa choo. Simiti hufunika jicho la chemchemi, lakini haizuii kinachopenya kutoka juu. Kadhalika mapaa na barabara huizuia mvua kuingia ardhini. Basi mito hufura wakati wa masika, na chemchemi hupungua wakati wa kiangazi. Budalangi, katika kaunti hiyo hiyo, wayajua madhara ya walio juu: Mto Nzoia hutoka milima ya Cherangani na Elgon, na mwaka 2020 ulivunja kingo ukawahamisha watu. Nayo mito ya Sio na Malaba ni ya Kenya na Uganda pamoja; uchafu hausimami penye mpaka kuonyesha hati.

Wala tusidhani haya ni ya bara tu. Mombasa hunywa maji ya Mzima, nayo ni mvua ya vilima vya Chyulu. Na katika mitaa yetu, kisima na shimo la choo hukaribiana mno.

NNE: Yatupasayo. Wako wasemao kwamba maradhi ni kadari, basi wakakaa. Hilo ni kosa. Kadari haimwondolei mtu wajibu. Wanazuoni wa fikihi wamekiwekea kisima harimu yake, asichimbe mtu karibu akakidhuru. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 nazo zilikataza kujenga katika ukingo wa mto, mita 6 hata 30. Basi yatupasa haya:

1. Ardhi iliyo juu ya chemchemi ijulikane na ipandwe miti kabla viwanja havijauzwa.
2. Vyoo viwe mbali, na viwe upande wa chini.
3. Iwekwe kamati ya wachotaji na mchango wa matengenezo, ili ulinzi uwe na mwenyewe.
4. Chombo cha maji kioshwe na kifunikwe.

MASWALI YA DARASA: Maji ya mtaa wako yatoka wapi? Ni nani aliye juu yake? Na wewe, ni nani aliye chini yako?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.