Mbegu ya Maharagwe ya Kienyeji: Namna ya Kuikuza na Kuiweka

Wakulima wa skimu, somo letu la mwezi huu ni la maharagwe. Si yale ya pakiti za dukani, bali yale yaliyomo katika makopo na vibuyu vya mama zetu. Ukitoka Litein ukapita Sotik na kushuka hata Longisa, utaona chai, kisha mahindi, na katikati ya mahindi maharagwe ya kila rangi: mekundu, meusi, ya manjano, na yenye madoadoa kama yai la kware. Mashamba ya skimu yalipogawanywa katika miaka ya 1960, watu walihamia kutoka mahali mbalimbali, na jamaa nyingi zilikuja na mbegu zao. Mbegu nyingine kati ya hizo hazina jina kitabuni, wala haziuzwi popote. Ikipotea nyumbani kwako, huenda imepotea kabisa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita bibi mmoja mzee, Kogo kama tunavyowaita nyanya zetu, aliniletea mfuko wa maharagwe madogo meusi yenye jicho jeupe. Akasema, "Mwanangu, mimi sina nguvu ya kulima tena. Niwekee haya." Nikayapokea kwa mikono miwili, nikayafunga katika mfuko wa nailoni, nikayaweka juu ya kabati karibu na bati. Sikuuliza kama yamekauka. Baada ya miezi mitatu niliyafungua nikakuta ukungu na harufu mbaya, na zile punje zilizokuwa kavu kidogo zimetobolewa na fukusi. Mimi niliyesomea ualimu na kuwafundisha watoto habari za mbegu sikuwa na la kumjibu yule Kogo. Kwa hiyo haya ninayoandika ni mambo ambayo ilinipasa kuyajua siku ile.

Kwanza tujue jinsi haragwe linavyozaa. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na chavua ya jirani huingia shambani mwako bila ruhusa. Tena mahindi ya haibridi, ukipanda punje zake mwaka wa pili, hayatoki sawa na mama yao. Haragwe sivyo. Ua lake hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka, na kwa sababu hiyo mtoto hufanana na mama. Mkulima aweza kuitunza mbegu ile ile miaka hamsini bila kununua. Nyuki huchanganya mara chache tu, basi ukiacha mita mbili au tatu kati ya aina moja na nyingine inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Lakini yale maharagwe makubwa yatambaayo yenye maua mekundu hupenda sana kuchanganywa na nyuki. Hayo yataka kutengwa mbali.

Watu wengine hudhani mbegu ya kienyeji ni mbegu ya washamba. Haragwe lenyewe asili yake ni Amerika, na lilifika pwani yetu pamoja na Wareno tangu karne ya 16. Wazee wetu ndio waliochagua, msimu kwa msimu, yale yaliyopenda baridi yetu na mvua yetu. Hata zile aina za Thika zenye herufi GLP, kama GLP 2 ambayo ni Rosecoco, zilipatikana kwa kuchagua kutoka maharagwe yaliyokuwa yakilimwa na wakulima. Mtaalamu hakuyaumba. Alianza na kile kilichokuwa katika kopo la mtu.

Tena kumbukeni mwaka 2011. Ule ugonjwa mbaya wa mahindi, unaokausha majani kuanzia pembeni hata mmea wote ukafa, ulitambuliwa Kenya mara ya kwanza hapa kwetu Bomet, upande wa Longisa. Wakulima walishauriwa waache kupanda mahindi juu ya mahindi, wapande viazi, maharagwe na mimea mingine. Aliyekuwa na kopo la mbegu nyumbani alipanda siku ile ile mvua iliponyesha.

Sasa tuje kwenye kazi. Shamba la mbegu si shamba zima. Kipande kidogo chatosha, mradi kisiwe kimepandwa maharagwe kwa misimu miwili au mitatu. Udongo wetu wa chai ni mchachu, nao haragwe haulipendi. Usilipande mahali palipong'olewa chai bila kuupima udongo kwanza na kutia chokaa ikihitajika. Panda mstari kwa mstari, sentimita 45 hivi, na punje kwa punje sentimita 15. Jambo kubwa ni wakati. Maharagwe ya mvua ya Machi hukomaa mvua ikiendelea, hasa huku Kericho juu, na maganda huoza yakiwa bado shambani. Hayo ni ya kula. Ya mbegu panda mwishoni mwa Agosti au Septemba, ili yakomae kuanzia Desemba, jua linapowaka.

Kosa la watu wengi ni kuchagua mbegu jikoni, baada ya kupura. Punje nzuri kwa macho yaweza kuwa imetoka katika mche mgonjwa. Mbegu huchaguliwa shambani, mimea ikiwa bado mibichi. Pita asubuhi, umande ukiisha kukauka (usitembee kamwe katika maharagwe yaliyolowa, maana nguo yako itabeba ugonjwa kutoka mche hata mche). Ng'oa kila mche wenye majani yaliyokunjamana na kuwa na mabaka ya kijani na manjano, kwani hayo ni maradhi ya virusi nayo hukaa ndani ya mbegu. Ng'oa wenye madoa yaliyozungukwa na duara la manjano. Na hasa tazama maganda: ukiona madoa meusi yaliyobonyea kama kidole kimepita, hiyo ni chule, adui mkubwa wa nchi ya baridi na mvua kama hii. Usione huruma. Kisha funga uzi kwenye miche iliyo bora, yenye maganda mengi na iliyofanana na aina yako. Hiyo usichume hata ganda moja la mboga, na uwaambie watoto.

Utahitaji miche mingapi? Tufanye hesabu kidogo. Mche mzuri waweza kutoa maganda 10, na ganda moja punje 4. Hizo ni punje 40. Ukiwa na miche 200 utapata punje 8,000. Kwa maharagwe makubwa kama Rosecoco, kilo moja huwa na punje 2,200 hivi, basi hiyo ni kama kilo tatu na nusu. Ekari moja ya maharagwe peke yake kwa nafasi niliyotaja yataka kilo 27 hivi, na kwa hiyo katika msimu wa pili miche yako 200 itakuwa imezaa mbegu ya kutosha ekari na zaidi. Kwa njia hii mtu mwenye kikombe kimoja hufika kwenye gunia bila mkopo.

Maganda yakigeuka rangi ya majani makavu, ng'oa mara moja. Ukikawia, fukusi hutaga mayai kwenye maganda huko huko shambani, nawe utawabeba mpaka nyumbani. Anika miche juu ya turubai, pura kwa fimbo nyepesi, kwa maana punje iliyopasuka haioti. Toa zilizokunjamana, zenye madoa na za rangi ngeni. Anika tena siku kadhaa, ukiingiza ndani kila jioni.

Ili kujua kama zimekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje hata robo yake, ongeza chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika moja, kisha uache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mbegu bado ina maji, rudisha juani. Laiti ningalijua jambo hili dogo.

Mbegu iliyokauka itie katika chombo kisichopitisha hewa, ukijaze mpaka juu, au uchanganye na majivu baridi yaliyochekechwa yakijaza nafasi kati ya punje. Kuna njia nyingine isiyo na gharama. Tia mbegu katika galoni, isijae, funga, na uiviringishe sakafuni asubuhi na jioni. Funza mchanga wa fukusi huhitaji karibu siku nzima kutoboa punje, na kila ukiviringisha unamharibia kazi mpaka afe. Watoto hupenda kazi hii. Aina nyingi zisichanganywe katika chombo kimoja. Kuchanganya shambani ni akili nzuri ya wazee, kwa maana ugonjwa ukipiga moja nyingine hupona. Lakini nyumbani kila moja ikae katika kopo lake, vinginevyo ile inayozaa sana itaimeza nyingine bila wewe kujua.

Majuma mawili kabla ya kupanda, hesabu punje 100 uzifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota 80 au zaidi ni mbegu safi. Zikiota 60, ongeza punje shimoni. Lakini ukiwa na punje chache tu za mwisho, usipime, zipande zote.

Wengi wameuliza habari ya sheria. Mwezi wa Novemba mwaka 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima kuwa mkosaji kwa kupeana au kuuza mbegu zake za kienyeji vilikuwa kinyume cha Katiba. Mbegu za namna hii huhifadhiwa pia katika benki ya taifa ya mbegu huko Muguga.

Yule Kogo hakunikasirikia. Alinipeleka kwa mkwe wake ng'ambo ya mto, ambaye miaka mingi nyuma alikuwa amepewa kikombe cha maharagwe yale. Zilibaki punje 37. Sikupima. Ziliota 29, na sasa ziko katika nyumba nne, kila nyumba katika kilima chake. Mtu mwenye haragwe asilolijua jina na alilete ofisini pamoja na habari zake: nani alilitoa, lapikwa kwa muda gani, lapenda mvua kiasi gani. Nina daftari, nami nitaandika. Ila lilete likiwa limekauka.