Maji ya etangi yakichafuka, msikimbilie kuyamwaga

Kila mvua zikianza tunaulizwa swali lile lile na wafugaji wa tilapia hapa Kalemie: maji yamechafuka, tuyamwage yote? Sisi watu wa ziwa tumezoea kuona mawe chini siku ya utulivu, basi tunadhani maji mazuri ni yale maangavu. Kwa etangi si hivyo. Maji maangavu kabisa ni etangi yenye njaa, samaki hawana cha kuokota ndani yake.

Kwanza mjue ni uchafu gani. Choteni maji kwenye chupa isiyo na rangi, muiache mpaka kesho yake. Tope likitua chini, au maji yakibaki rangi ya udongo, ni udongo. Yakibaki kijani, ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja. Yakiwa kama maji ya kuoshea mchele, tena yananuka, ni bakteria wanaokula chakula kilichooza.

Udongo unazuia jua, na bila jua chakula cha asili hakioti. Dawa yake haiko ndani ya maji, iko kule juu mlimani: chimbeni mfereji wa kukinga maji ya mvua yapite pembeni, pandeni nyasi juu ya matuta. Miti hapana, mizizi inatoboa tuta. Mfinyanzi laini unaweza kuelea wiki nzima bila kutua. Fungeni majani makavu na samadi kidogo kwenye kona moja, yakioza yanausaidia kushikana na kuzama, polepole.

Kijani ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, maana inaua usiku. Mchana vijimea vinatoa oksijeni, usiku vinaivuta pamoja na samaki. Piga jua kali, ingiza mkono wima majini. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, simamisha samadi na chakula mpaka kionekane tena. Mkikuta samaki wanahema juu ya maji alfajiri, msingoje mkutano wa kamati: fungulieni maji mapya saa ile ile, na kama mfereji umekauka, chukueni ndoo, mchote na kuyarusha maji juu ili yabebe hewa. Kuna wanaomwaga majivu. Kwenye maji ya kijani kibichi, mchana, ni hatari: ukali wa maji tayari uko juu, majivu yanauongeza, na amonia inazidi kuwa sumu kwa samaki.

Weupe unaonuka unatokana na mkono mkubwa wa kulisha. Mpeni pumba wanayomaliza kwa dakika kumi na tano hivi, iliyobaki ni hasara. Hata wanaofuga samaki wa mapambo ndani ya kioo nyumbani wanauona weupe huu siku za kwanza. Wanaomwaga maji yote kila mara wanauanzisha upya.

Ndiyo maana tunasema badilisheni robo tu, mkitoa maji ya chini yenye uchafu na kuingiza mapya taratibu. Kumwaga yote kunawatesa samaki na kupoteza mbolea ya miezi. Kiangazi, mfereji ukiwa mwembamba, etangi mliyoikausha itajazwa na nini?