Mtoto Aliyekaa na Wazee, Je, Shamba ni Lake?

Katika mashamba ya pwani yetu, tangu Kwale hata Lamu, jambo hili laonekana sana: watoto huhamia mjini kutafuta riziki, akabaki mmoja na wazee. Huyo ndiye apaliliaye minazi, na ndiye akeshaye baba auguapo. Baba kwa kuona hayo husema mbele ya watu: "Nikifa, shamba hili ni la fulani." Kisha hufa, na matanga hayajaanuliwa, ndugu washaanza kuteta.

Twapenda hukumu ya maneno hayo ieleweke. Kauli ya "nikifa" si hiba, bali ni wasia, na Mtume (s.a.w.) amekataza wasia kwa mrithi. Basi haupiti ila warithi wengine wakiukubali kwa radhi zao baada ya kifo. Wasia ni kwa asiyekuwa mrithi, wala hauzidi thuluthi bila ya idhini yao.

Mafungu ameyagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa. Tuseme mzee ambaye wazazi wake wametangulia ameacha minazi 40, mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya kulipwa madeni, mke hupata thumni, nayo ni minazi 5. Ile 35 ibakiayo hugawanywa mafungu 5: kila mwana wa kiume minazi 14, na binti minazi 7. Binti hatoki katika mirathi kwa kuolewa mbali, na amwambiaye "wewe una mumeo" amla haki yake.

Je, jasho la aliyewauguza wazee limepotea? Hasha! Kwanza, nafaka ya wazazi mafukara, yaani chakula, mavazi na makazi yao, ni wajibu wa watoto wote wenye uwezo, si wa aliye karibu peke yake. Aliye Mombasa na apeleke fungu lake. Pili, kazi ya shamba yaweza kuwekewa ujira kwa mapatano mbele ya mashahidi. Usipolipwa huwa deni, na deni hutangulia mirathi. Tatu, baba aliye mzima aweza kuwapa watoto wake hiba na kuwakabidhi, lakini awe muadilifu. Babake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe huyo peke yake, Mtume akamwamuru airejeshe. Ama hiba itolewayo katika maradhi ya mauti, hukumu yake ni ya wasia.

Nanyi wazee, msitoe kila kitu mngali hai. Aliyemwandikia mwana shamba lote, kesho huenda akaomba nazi ya kupikia katika minazi aliyoipanda kwa mkono wake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa Makadhi mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu waikubalio mahakama hiyo. Lakini kabla ya kufika huko, mzee na awakusanye watoto wake, wa kike na wa kiume, awaeleze mipaka ya shamba ni ipi, madeni yako wapi, na nani atamlisha mama yao.