Chakula cha Dereva wa Safari Ndefu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, hili ni somo la kula na kunywa kwa mtu ambaye kazi yake ni njia: yule apakiaye mzigo bandarini Mombasa jioni, alfajiri imkute Mtito Andei, na Nairobi, iliyo mbali kiasi cha kilomita 480, kwake si mwisho bali ni kituo tu kabla ya Malaba.

Mtu huyu amechukua amana ya mali ya watu, na ya roho za wote anaopishana nao. Kwa hivyo tumbo lake si jambo lake peke yake. Imepokewa na Tirmidhi ya kuwa Mtume (S.A.W.) amelihisabu tumbo kuwa ni chombo kiovu kukijaza, na asiyekuwa na budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya maji, na thuluthi ya pumzi. Dereva kwa desturi hufanya kinyume. Hushinda na njaa akikimbizana na saa, kisha saa nane ya mchana huketi hotelini akala sahani ya ugali na nyama ya kuchoma, akarudi kwenye usukani. Na wakti huo mwili hutaka kulala hata kwa aliyekula kidogo, sembuse aliyeshiba? Na ale kidogo kidogo, tende, ndizi, mayai, chapati na maharagwe, na shibe aiweke pale atakapolala. Qailula ya nusu saa ni bora kwake kuliko chai ya tatu.

Wengi hupunguza maji kwa kuchelea kusimama. Mkojo ukikoza umanjano, hiyo ndiyo khabari ya kuwa mwili wadai. Soda haishiki mahali pa maji, kwani ni sukari, na aketiye kutwa haitumii.

Nyama ya njiani, kwa Muislamu auzaye miongoni mwa Waislamu, haina haja ya kupelelezwa. Lakini penye shaka ya mchinjaji, asili ya nyama ni kuharimika. Na aiwache, ale samaki.

Ama miraa, wako waiitao dawa ya usingizi. Huahirisha usingizi wala haiulipi, na hukata hamu ya chakula. Ikiisha nguvu, deni lote hudaiwa mara moja, na gari li mwendoni. Ibn Hajar al-Haytami, imamu wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki Makka mwaka 974 wa Hijra, aliandika risala ya kuitahadharisha. Hakukata kuwa ni haramu, ila alihimiza kujiepusha nayo. Lakini khilafu hiyo ni ya mtafunaji aliyeketi barazani. Mwenyi kuchukua tani za mizigo, akajua ya kuwa itamlaza usukanini, huyo hana khilafu ya kujificha ndani yake.

Katika Ramadhani, aliyetoka mjini kabla ya alfajiri kwa safari ya marhala mbili, ambazo ni zaidi ya kilomita 80, ana ruhusa ya kula. Aliyepambazukiwa nyumbani hali amefunga, kisha akasafiri, siku hiyo aitimize ila akifikiwa na dhara. Kufunga ni bora kwa asiyeona taabu. Aonaye kizunguzungu, kula ni bora, na akihofia maangamizi ni wajibu. Je, aliye safarini mwaka mzima? Taqiyuddin al-Subki amesema hana ruhusa ya safari ila akitaraji siku za kukaa mjini alipe, wengine wamemruhusu. Ahofiaye madhara hayumo katika khilafu hii. Siku alizokula na aziandike katika daftari lile lile la mafuta na ushuru, azilipe kabla ya Ramadhani ya pili. Akichelewesha bila ya udhuru (na safari yenyewe ni udhuru), hulipa na kutoa mudi mmoja wa chakula kwa killa siku.